Maswali ya Wasomaji: Dominika ya 7 ilikwenda wapi?

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka huu wa 2026, kabla ya Kwaresima tulikuwa Dominika ya 6 ya Mwaka. Baada ya Pentekoste, Utatu Mtakatifu na Ekaristi, padre akatangaza Dominika ya 11. Nimefungua Misale ya Waumini, kitabu cha sala na masomo ya Misa, nikakuta ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10 hazijasomwa. Nani amekosea?
*Mama wa familia, Morogoro*

Milele na milele, amina. Hakuna aliyekosea, mama. Kipindi cha Mwaka, yaani majuma ya kawaida nje ya Majilio (majuma ya kujiandaa na Noeli), Noeli, Kwaresima na Pasaka, hukatwa vipande viwili, na kila kipande kina hesabu yake. Cha kwanza huanza baada ya Ubatizo wa Bwana na kuhesabiwa kwenda mbele. Mwaka huu Ubatizo wa Bwana ulikuwa 11 Januari, na Jumatano ya Majivu ikatukuta katika juma la 6, tarehe 18 Februari. Kipande cha pili huhesabiwa kutoka mwisho kurudi nyuma, kwa sababu Dominika ya Kristo Mfalme ni lazima iwe ya 34. Mwaka huu ni 22 Novemba. Ukirudi nyuma Dominika kwa Dominika kutoka hapo, Pentekoste (24 Mei) inaangukia kwenye nafasi ya 8, Utatu Mtakatifu (31 Mei) kwenye ya 9, na Mwili na Damu ya Kristo (7 Juni) kwenye ya 10.

Kwa hiyo Dominika hizo nne hazikupotea kwa namna moja. Juma la 7 limerukwa lote, pamoja na masomo yake ya siku za kazi, kwa sababu mwaka huu una majuma 33 badala ya 34. Majuma ya 8, 9 na 10 yalikuwepo, ila Dominika zake zilipisha sherehe. Anayefuata masomo ya kila siku aliyasoma ya juma la 8 kuanzia Jumatatu tarehe 25 Mei. Wengi hukosea hapa: wanaacha alama ya Misale kwenye juma la 6, Kwaresima na Pasaka zikipita wanaendelea na la 7, kisha wanashangaa padre anasoma kitu kingine.

Katika Misale utakuta pia herufi za mwaka, A, B na C, zinazoonyesha masomo ya Dominika ya mwaka husika. Kuzijua, chukua tarakimu za mwaka uzijumlishe. 2025: 2+0+2+5 ni 9, inagawanyika kwa 3, basi ni Mwaka C. Unaofuata ni A, kisha B. Lakini mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, hivyo Mwaka A tulionao ulianza 30 Novemba 2025, na Mwaka B utaanza 29 Novemba 2026. Masomo ya siku za kazi katika Kipindi cha Mwaka yana mzunguko wa miaka miwili tu: mwaka usiogawanyika kwa 2 ni wa I, unaogawanyika ni wa II.

Jumuiya yetu hukutana kila Jumamosi alfajiri kutafakari masomo ya Dominika. Mwenyekiti hutaka tuonyeshe namna masomo yote matatu yanavyosema jambo moja. Somo la pili hutushinda karibu kila mara. Kwa mfano Dominika ya 24: masomo mawili ni ya msamaha, lakini Mtume Paulo anazungumzia kuishi na kufa. Tuunganishe vipi?
*Katibu wa jumuiya, Moshi*

Msiunganishe. Mnahangaika kutafuta uzi ambao waliopanga masomo hawakuuweka.

Katika Dominika za Kipindi cha Mwaka, Injili ndiyo inayoongoza. Mwaka A tunamsoma Mathayo sura kwa sura. Somo la kwanza huchaguliwa kutoka Agano la Kale kwa sababu linagusa Injili ya siku hiyo. Wimbo wa katikati, yaani zaburi inayofuata somo la kwanza, hulijibu somo hilo. Somo la pili lina safari yake peke yake: linapita katika barua ya mtume kipande kwa kipande, bila kuangalia kushoto wala kulia. Mwaka A barua kwa Warumi imepangwa kuanzia Dominika ya 9 hadi ya 24, kisha inafuata kwa Wafilipi kuanzia ya 25. Mwaka huu, kwa kuwa ya 9 na ya 10 zilipisha sherehe, tulianza Warumi Dominika ya 11, tarehe 14 Juni, na tunaimaliza hiyo ya 24, tarehe 13 Septemba. Ni Dominika 14 mfululizo. Somo mlilonalo, Rum 14:7-9, “hakuna mtu miongoni mwetu aishiye kwa nafsi yake”, liko pale kwa sababu zamu yake imefika. Halikuitwa na yule mtumwa asiyesamehe wa Injili ya siku hiyo.

Mambo hubadilika katika Majilio, Kwaresima na sherehe kubwa. Huko masomo yote matatu hupangwa kwa pamoja, na swali la mwenyekiti wenu lina haki kabisa. Kipindi cha Pasaka nacho kina taratibu zake: somo la kwanza linatoka Matendo ya Mitume, si Agano la Kale.

Sasa Dominika ya 24 yenyewe. Mkiwa na saa moja, gaweni hivi. Someni Injili kwanza, Mt 18:21-35, mara mbili, kwa sauti za watu wawili tofauti. Ndipo mrudi kwenye Yoshua bin Sira 27:30 hadi 28:7. (Vitabu vingine vya masomo huandika 27:33 hadi 28:9, maneno ni yaleyale, hesabu ya aya ndiyo tofauti.) Kaeni kimya dakika tatu kamili, mtu mmoja akiangalia saa, maana dakika tatu za kimya bila saa huwa sekunde arobaini. Kisha ulizeni swali moja tu: ni neno gani la Sira limerudi katika Injili? Mtalipata katika 28:3-4: mtu anaishika hasira juu ya mwenzake, halafu anamwomba Bwana amponye, hana huruma kwa binadamu mwenziwe, halafu anaombea dhambi zake mwenyewe. Hapo ndipo masomo mawili yanaposhikana. Wimbo wa katikati, Zab 103, unaleta upande wa Mungu: “Bwana amejaa huruma na neema.” Anayeongoza akishaonyesha hayo, asiendelee kufafanua. Dakika 20 zinazobaki ni za wanajumuiya na sala zao. Mnaotumia njia ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini mtaona mpangilio huu unaingia ndani yake bila shida.

Msiruke hesabu ya fedha katika mfano wa mtumwa huyo ulio katika Injili hiyo, kwa kuwa Yesu aliikuza makusudi. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta elfu kumi ni dinari milioni 60. Mtumwa yule alisamehewa deni la siku za kazi milioni 60, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa deni la siku 100, yaani miezi mitatu na kidogo. Ahadi yake ya “nitakulipa yote” ni maneno ya mtu asiyejua anachodaiwa. Wanajumuiya wakiiona tofauti hiyo kwa tarakimu, maelezo mengi hayahitajiki.

Kuna kosa moja ambalo ni zito kuliko lile la somo la pili. Dominika ya 24 ikisomwa peke yake hugeuka kuwa amri ya kunyamaza: mke anayepigwa aambiwe asamehe mara sabini mara saba, na aliyeibiwa mchango wa jumuiya aambiwe yaishe. Lakini Dominika iliyotangulia, ya 23, tarehe 6 Septemba, tulisoma aya zinazokuja kabla tu ya hizi, Mt 18:15-20. Pale Yesu anatoa hatua za kumkabili aliyekosa: kwanza mkiwa wawili, kisha na shahidi mmoja au wawili, mwishoni mbele ya kanisa. Somo la kwanza siku hiyo lilikuwa Ezekieli 33:7-9, mlinzi atakayedaiwa damu ya mwenzake asipomwonya. Mathayo ameziweka sehemu hizo mbili bega kwa bega, na Misale imezifuatanisha. Jumamosi ile anzeni kwa kukumbushana ya 23, walau dakika tano.

Warumi msiwatupe. Njia nzuri ni kuwapa muda wao, mkutano mmoja wa mwezi, mkisoma vipande vinne kwa mfululizo. Kwa namna hiyo Paulo anaeleweka, kwa sababu hoja zake ni ndefu na kipande kimoja cha aya tatu mara nyingi ni nusu ya sentensi yake.

Na kama Sira haumo katika Biblia mliyo nayo, mna toleo lisilo na Deuterokanoni. Tafuteni Biblia Habari Njema yenye Deuterokanoni, au toleo jingine la Kikatoliki. Vitabu vyenyewe ni saba: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo viwili, pamoja na nyongeza za Esta na Danieli.

Kwaya yetu ina nyimbo nzuri za tafakari. Mwalimu huchagua mmoja kuwa wimbo wa katikati, unaoendana na Injili. Paroko mpya anasema tuache. Je, si wimbo ni wimbo?
*Mwanakwaya, sauti ya pili, Mwanza*

Paroko yuko sahihi. Zaburi ile ni Neno la Mungu, sehemu ya masomo, si mapumziko kati ya masomo. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 61, yanakataza kuiweka pembeni na kuimba wimbo mwingine badala yake, hata uwe mtamu namna gani. Kinachoruhusiwa ni hiki: pale zaburi ya siku inapowashinda, kitabu cha masomo kina zaburi na viitikio vya kipindi kizima, ambavyo vinaweza kutumika Dominika yoyote ya kipindi hicho. Kwaya changa inaweza kujifunza zaburi moja ya Majilio, moja ya Noeli, moja au mbili za Kwaresima, moja ya Pasaka na tatu za Kipindi cha Mwaka, ikavuka mwaka mzima bila kuvunja utaratibu.

Watunzi wetu wengi wa Tanzania hutunga kwa kufuata Dominika, na hilo ni jambo la kushukuru. Kabla ya kuupokea wimbo, fungueni Misale mlinganishe. Mara nyingi kiitikio ni cha zaburi, ubeti wa kwanza nao ni wa zaburi, ubeti wa pili mtunzi ameshaanza mahubiri yake. Angalieni pia kiitikio kirefu. Waamini wanatakiwa kukiitika baada ya kukisikia mara moja. Kikiwa na mizunguko ya sauti nne na kujibizana, watu hufunga midomo na zaburi inabaki ya kwaya. Beti nne zinahitaji kiitikio mara sita: mara mbili mwanzoni, mara moja baada ya kila ubeti. Mkikirudia mara mbili kila ubeti ni mara kumi, na hapo ndipo Liturujia ya Neno inapovutika hadi watu wanaanza kuangalia saa.

Mwimbaji wa beti asimame kwenye mimbari ya masomo ikiwezekana. Asiyejua kuimba na azisome, watu waitikie.

Shangilio ni jambo jingine. Linatangulia Injili, watu wakiwa wamesimama, na Kwaresima halina Aleluya. Dominika ya Pasaka na Pentekoste kuna sekwensia, utenzi maalumu wa siku hiyo, nayo ni ya lazima siku hizo mbili. Huimbwa kabla ya Aleluya, si baada yake.

Somo (mtakatifu msimamizi) wa parokia yetu ni Mt. Karoli Lwanga. Tarehe 3 Juni mwaka huu ilikuwa Jumatano, hivyo Halmashauri ya Walei ikaomba sherehe iwe Dominika tarehe 7. Paroko akakataa, akaisogeza hadi 14 Juni. Watu walinung'unika sana, ng'ombe alikuwa ameshanunuliwa. Kulikuwa na ubaya gani tarehe 7?
*Mjumbe wa Halmashauri ya Walei, Bukoba*

Tarehe 7 Juni ilikuwa na mwenyewe. Somo wa kanisa huadhimishwa kwa daraja la sherehe ndani ya kanisa hilo, hata kama katika kalenda ya Kanisa lote ni kumbukumbu tu, daraja la chini, na kwa ajili ya manufaa ya waamini sherehe hiyo inaweza kuhamishiwa Dominika ya Kipindi cha Mwaka. Sharti ni kwamba iwe juu ya Dominika hiyo katika jedwali la madaraja, orodha ya Kanisa inayopanga siku kwa uzito wake. Sherehe ya somo wa parokia iko juu ya Dominika ya kawaida, lakini iko chini ya sherehe za Bwana zilizomo katika kalenda ya Kanisa zima. Tarehe 31 Mei ilikuwa Utatu Mtakatifu. Tarehe 7 Juni ilikuwa Mwili na Damu ya Kristo, ambayo maeneo yetu mengi huiadhimisha Dominika. Nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi ni Dominika ya 11, yaani 14 Juni. Paroko alihesabu vizuri. Ng'ombe angeweza kungoja juma moja, majani ya Juni Bukoba hayakosekani.

Mnapohamisha, hamisheni kila kitu. Kosa la kawaida ni kuchanganya: sala za mfiadini, masomo ya Dominika ya 11, mavazi ya kijani kwa kuwa mekundu yako kwa fundi. Misa ya sherehe hiyo ina mavazi mekundu, Utukufu, Nasadiki na masomo matatu. Masomo ya 3 Juni katika kalenda ya jumla ni 2 Mak 7:1-2, 9-14, Zaburi 124 na Mt 5:1-12. Kwa vile hayo ni ya kumbukumbu, hakuna la pili. Lichukueni katika fungu la Wafiadini, kwa mfano Rum 8:31-39. Mhubiri ana mengi ya kushika hapo: mama na wanawe saba mbele ya mfalme anayewataka wale nyama ya nguruwe, na vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Mimi ni katekista wa kigango. Padre hufika mara moja kwa mwezi. Dominika nyingine naongoza ibada. Je, naruhusiwa kusoma Injili na kutoa mafundisho?
*Katekista, Sumbawanga*

Injili unaisoma, katekista. Katika Misa ingesomwa na shemasi au padre, lakini ibada ya Dominika bila padre ina mwongozo wake uliotolewa na Roma mwaka 1988, na mlei aliyeteuliwa anaisoma. Masomo ni yaleyale ya Dominika hiyo, usichague mengine. Tofauti ziko katika mambo madogo ambayo watu huyaona. Husemi “Bwana awe nanyi” kabla ya Injili. Unaanza moja kwa moja “Somo katika Injili ilivyoandikwa na Mathayo”. Huketi kwenye kiti cha padre. Huchukui sala yoyote ya Misa iliyo ya padre, prefasio (utangulizi wa sala ya Ekaristi) wala sala ya Ekaristi yenyewe, hata kwa nia njema ya kuwaonyesha watoto. Mwishoni hubariki watu kwa mkono, unajiandika alama ya msalaba pamoja nao ukisema “Bwana atubariki, atukinge na mabaya yote, atufikishe kwenye uzima wa milele.”

Kuhusu mafundisho, fuata utaratibu wa jimbo lako. Kinachofanya kazi vizuri vigangoni ni paroko kuandika tafakari fupi ya ukurasa mmoja kwa kila Dominika, nawe ukaisoma. Mwombe akupe nne kwa mpigo siku anapokuja kwa Misa. Asipoandika na umeruhusiwa kusema, sema dakika saba au nane kwa njia tuliyomweleza katibu wa Moshi: Injili, somo la kwanza, jambo moja.

Msomaji aanze kwa kusema “Somo la kwanza”? Na maneno mekundu juu ya somo nayo yanasomwa?
*Msomaji kijana, Nairobi*

Hapana kwa yote mawili. Sura na aya pia hazisomwi. Unaanza “Somo katika kitabu cha Nabii Ezekieli”, unatulia pumzi moja, unasoma. Ukimaliza unatulia tena kabla ya “Neno la Bwana”, la sivyo maneno hayo yanasikika kama sehemu ya sentensi ya nabii. Usiinue kitabu wakati huo.

Majina magumu yanataka sauti kubwa nyumbani siku mbili kabla, si sakristia dakika mbili kabla. Baya kuliko yote ni Mdo 2:9-11 siku ya Pentekoste: Waparthi, Wamedi, Waelami, Kapadokia, Ponto, Frigia, Pamfilia. Yasome kwa mafungu ya mawili au matatu, na ukikosea moja usilirudie, endelea. Kurudia ndiko kunakowafanya watu wacheke.

Mwaka 2027 tarehe 25 Machi ni Alhamisi Kuu. Sikukuu ya Kupashwa Habari tutaiadhimisha lini?
*Mtawa, Kigali*

Kwanza, sista, ni sherehe, daraja lililo juu ya sikukuu, na ndiyo maana haifutwi bali huhamishwa. Ikiangukia Juma Kuu huvuka hadi Jumatatu baada ya Dominika ya pili ya Pasaka. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi, hivyo Kupashwa Habari kutakuwa Jumatatu 5 Aprili. Ilikuwa hivyohivyo 2024, ikahamia 8 Aprili. Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili nayo ilihama mwaka huohuo, lakini kwa sababu nyingine: 8 Desemba 2024 ilikuwa Dominika ya Majilio, ambayo haipishi sherehe yoyote ya mtakatifu, ikasogea hadi Jumatatu tarehe 9. Kumbukumbu za kawaida zikigongana na Dominika hazihamishwi. Mwaka huo hupita bila kuadhimishwa.